Yaya Hajala Kwangu

Bukavu, Siku ya Mungu, 21 Aprili 2024

Yaya Micheline mupenzi, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Ninakuandikia nikikaa kwenye kiti changu, karibu na dirisha langu, ndani ya nyumba yangu. Ndiyo, nimeandika vile kusudi, na bado nitaandika tena.

Huku wote tuko wazima. Papa na goti lake wanaendelea kugombana. Maman anasema maharagi ya Nyangezi yamepata mvula nzuri mwaka huu, na ng'ombe yetu nyekundu imezaa. Siku ya ndoa kila mutu alikuulizia. Nilijibu mpaka sauti ikaisha: "Huko Shabunda mvula ilijaza kiwanja, ndege haikuruka." Hata padri, akiwa na kitabu chake mukononi, alininong'onezea: "Na mukubwa wako, yule wa hospitali?"

Basi nikuambie juu ya bwana yangu! Hujamuona bado, kwa hiyo funga macho. Zagabe anachoraka mabango ya maduka: saluni, duka la dawa, resto, hata yule kuku mwenye kofia ya mupishi unayemuona pale Nyawera. Vidole vyake havikosi rangi. Siku ya ndoa, wakati nilimuvalisha pete, niliona buluu chini ya ukucha wake, buluu ya bango la farmasi alilokuwa amemaliza jana yake. Watu walifikiri ninalia juu ya sakramenti. Yaya, nililia juu ya ile buluu.

Watu wengine wakioana wanaenda kupumzika Idjwi ao Kigali. Zagabe aliniambia: "Sisi tutasafiri ndani ya Bukavu. Kila Siku ya Posho tutaingia nyumba moja ambayo bango lake nilichora mimi." Ndiyo, njo tunafanya hivyo! Nilizaliwa karibu na muji huu, nilisoma humu, lakini ninauona sasa kama mutu aliyeshuka kutoka ndege.

Jumamosi ya kwanza tulienda café moja mupya kule Nguba, ambapo unaona ziwa mpaka milima ya ng'ambo. Viti ni vya chini sana, unakaa kama mutu anayekama ng'ombe. Vikombe ni vidogo. Lakini kahawa, Yaya! Ni ya huku kwetu, wanaikaanga palepale, harufu inakungoja tangu barabarani. Na binti anayehudumia alichora moyo juu ya maziwa. Zagabe akamuita:

"Mademoiselle, njo weye unachoraka hii?"

"Ni mimi, papa. Iko na shida?"

"Shida iko kwangu. Weye batu banakunywa kazi yako. Yangu, mvula tu njo inakunywaka."

Jumamosi ya pili, kinyume kabisa: malewa ya Maman Rosalie, kile kibanda cha chakula kule Nyamugo. Hakuna mulango, moshi unakupokea kama ndugu, na sombe yake, yale majani ya muhogo, hakuna resto ya ziwani inayoiweza. Ila anatukana wateja! Kijana mumoja alitoa simu apige picha sahani yake. Maman Rosalie akasimama juu yake na mwiko: "Unakulaka ao unapigaka picha? Chakula iko inapoa, na weye unangojea ikucheke!" Ninakata shauri: kahawa kule, sombe hapa.

Sasa neno moja, halafu nifunge. Sheria ya Koko, nyanya yetu, unaijua kunishinda: katika familia yetu, mudogo akiolewa mbele ya mukubwa wake, asipikie mugeni hata mumoja mpaka yule mukubwa ale kwanza chakula cha moto wake. Mimi ninaifuata. Ninapika ya bwana yangu na yangu tu. Marafiki wakija, ninawapa kiti, tunaongea, halafu wote tunatoka kwenda kula inje. Sikusukumi, Yaya. Ninakungoja tu. Siku utakayokuja, moto uko.

Barua hii nimeipa Gentil, yule mutoto wa jirani yetu anayepakia mizigo kwenye ndege pale Kavumu na kusafiri nayo.

Mudogo wako mwenye furaha mpaka anaona haya,
Virginie (Madame Zagabe!)

*

Shabunda, 19 Mei 2024

Mudogo wangu Virginie,

Barua yako ilinifikia ikinuka samaki. Gentil aliitia ndani ya mufuko wa sambaza, na ndege ilikawia wiki mbili sababu ya matope. Niliisoma hivyohivyo, huku paka ya jirani ikinifuata.

Mimi ni muzima. Hapa kwenye kituo chetu cha afya tunazalisha kila siku. Watoto wa msitu hawangojei mutu. Rezo ya simu ni mpaka upande kilima, na huko juu kuna siafu, kwa hiyo endelea na karatasi. Salimia papa. Mwambie aache kukata majani ya ng'ombe akiwa amepiga magoti, na mwambie ni mimi nimesema, siyo maman.

Nimefurahi juu ya Zagabe. Mwanaume anayesifu kazi ya mutu mwingine mbele ya bibi yake, huyo si mubaya. Lakini moyo juu ya kahawa ulinichekesha. Papa yetu mukubwa alilima kahawa Kabare maisha yake yote, na sijamuona kuinywa hata siku moja. Alikuwa anasema ni dawa ya wazungu. Leo munachora mioyo juu yake. Ni vizuri. Niambie kama ina sukari ya kutosha.

Maman Rosalie ningempenda.

Juu ya neno lako la mwisho: huku tuko na kazi nyingi sana, na mwenzangu mumoja yuko likizoni. Tutaona.

Ni mimi,
Micheline

*

Bukavu, 9 Juni 2024

Yaya mupenzi,

Amani kwako na kwa watoto wote uliowapokea kwa mikono yako! Papa alikutii, sasa anakata majani akikaa kwenye kigoda na analalamika kwamba unamutawala kutoka mbali. Maman anauza jibini, ile mashanza, na sifa zimefika mpaka Walungu.

Sukari iko, unajitilia mwenyewe.

Yaya, nimeona tamthilia! Kuna ukumbi mumoja wa vijana, Ibanda, zamani ilikuwa depo ya simenti. Kila mwisho wa mwezi wanacheza, wanasoma mashairi yao, wengine wanapiga gitaa. Viti ni vya plastiki, na umeme ukikatika wanaendelea na tochi za simu. Kwangu mimi ni vizuri zaidi hivyo. Walimuomba Zagabe achore ziwa kwenye kitambaa kikubwa cha nyuma. Alimaliza wakati watu walikuwa wanaingia, rangi ikiwa mbichi. Mucheza mumoja, mwenye kucheza chef, mukubwa wa kijiji, aliegemea kitambaa akiwaza mambo makubwa. Alipogeuka kutoka, alikuwa amebeba nusu ya Ziwa Kivu mugongoni! Watu walipiga makofi wakisimama. Walifikiri ni maana ya tamthilia. Kwangu, ukumbi ule unashinda sinema yoyote ya simu.

Juu ya maduka nina shauri langu pia. Kwenye duka kubwa la Avenue Lumumba kuna baridi nzuri, yoghurt imepangwa kama wanafunzi, na hakuna mutu anayekuambia neno. Unatoka na mufuko na huzuni. Kule soko la Kadutu, muuza vikwembe, vile vitenge vya rangi zote, alinishika mukono toka mbali:

"Chérie! Hii rangi inakutafuta tangu asubuhi."

"Maman, mimi napita tu."

"Bote banapitaka. Sasa pita na kikwembe."

Nilipita nacho. Ni cha manjano, na ndege wa buluu. Zagabe aliponiona alitembea kunizunguka mara mbili kama mutu anayetafuta mahali pa kuanza kuchora. Yaya, unisamehe, ninajua unaandika ripoti za malaria na mimi ninakuandikia haya, lakini nikinyamaza nitapasuka.

Mama mukwe wangu, Maman Eulalie, alikuja kutuona Siku ya Mungu, kutoka misa. Ni mwanamuke mukubwa wa kwaya, sauti yake inaingia mbele yake. Alikaa, akaangalia mbabula, jiko letu la makala, akaangalia sufuria zangu zinavyong'aa ukutani. Saa ya kula nilisema: "Maman, leo tunakupeleka kwa kuku ya Nyawera!" Akamugeukia mutoto wake:

"Zagabe, hii nyumba njo église, njo kanisa? Batu banaingia, banakaa, banaimba, banatoka na njaa."

Tulicheka. Yeye alicheka kwanza, na alikula kuku mpaka mifupa. Lakini mulangoni aliniuliza polepole: "Mwanangu, mimi nitakula lini kwako?" Nilimueleza sheria ya Koko. Akasema: "Ni sheria nzuri. Basi huyo mukubwa wako aje, mimi sina miaka mingi ya kungoja bugali."

Ninakuandikia hayo ucheke tu.

Virginie wako

*

Shabunda, 7 Julai 2024

Mudogo wangu,

Nilicheka, hasa juu ya ziwa.

Sikuandika mbele sababu tulipata surua. Imepungua. Wote wa nyumbani uwape salamu zangu, na maman anifichie mashanza kidogo.

Wakubwa wa kazi wananiita Bukavu kwa mafunzo ya chanjo, tarehe 12 mpaka 15 Agosti. Tutalala kwa masista, ni wao wanapanga. Mafunzo yanaisha kila siku saa tisa ya muchana. Baada ya pale niko wako.

Micheline

*

Bukavu, 21 Julai 2024

Yaya! Yaya! Yaya!

Nimesahau salamu, ona sasa. Jambo, wote wazima, goti pia zima, mashanza imefichwa!

Niliposoma "niko wako" nilikimbia mpaka kwenye ngazi ambayo Zagabe alikuwa amepanda, karibu aanguke na bango la saluni. Tumepanga yote. Siku ya kwanza, café. Siku ya pili, resto ya ziwani ambayo sijawahi kukuandikia, nilikuwa ninakuwekea. Siku ya tatu, vikwembe Kadutu, halafu ukumbi, watacheza kusudi siku hiyo. Na siku ya ine, nyumbani kwangu! Nimeiweka mwisho, kama sukari chini ya kikombe. Zagabe ameanza kuchora kitu, hataki nikuambie.

Sitalala tena mpaka Agosti,
Virginie

*

Bukavu, 25 Agosti 2024

Yaya mupenzi,

Ninatumaini ulifika salama na kwamba ndege haikukurusha sana. Nyumbani wote wanakushukuru kwa dawa ya goti.

Mimi bado ninazungumuza juu yako kila siku. Ninakumbuka ulivyoshika kile kikombe kidogo kwa mikono miwili kama kinataka kuruka. Ninakumbuka resto ya ziwani, Zagabe alipofungua kitambaa kati ya miti miwili, KARIBU YAYA MICHELINE, herufi ndefu kukushinda, na watu wa meza zote wakageuka! Ulijifunika uso. Zagabe anasema ilikuwa furaha. Na samaki, hata kama muchuzi ulikuwa wa kijiko kimoja, alikuwa mutamu, si ndiyo? Na ukumbi! Uliona jinsi yule kijana wa mashairi alilitaja jina lako? Nilikuwa nimemuomba. Kila magaribi tulipokurudisha kwa masista, Zagabe aliniambia njiani: "Yaya yako anasemaka kidogo, lakini macho yake yanasoma kila bango." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Halafu asubuhi ya ine, wakati niliwasha makala, simu yako: rubani anaogopa mvula ya muchana, wanafunga mafunzo mapema, muko tayari njiani kwenda Kavumu. Maharagi yalikuwa yameshalala ndani ya maji. Zagabe alisema tuchukue moto, pikipiki ya kukodi, tukufuate. Tulifika pale kwenye kizuizi cha uwanja wakati ndege yenu ilikuwa inageuza pua.

Si kitu, Yaya. Tutapata siku ingine. Umeona muji, njo lilikuwa neno kubwa.

Umeona muji, si ndiyo?

Virginie

*

Bukavu, 22 Septemba 2024

Yaya mupenzi,

Ninakusalimu tena, hata kama barua ya Agosti haijapata jibu. Gentil anasema ndege zinafika, anakuonaka kwenye kiwanja ukipokea maboksi, yale makarto ya chanjo. Anasema uko muzima. Nashukuru Mungu.

Huku wote wazima. Café ya Nguba imeweka viti vya urefu wa kawaida, mutu sasa anakunywa bila kukunja magoti. Maman Rosalie ameweka bango! Zagabe alilichora, ila alipofika kwenye maneno, Maman Rosalie alisema: "Andika: Usipige picha." Basi njo jina la malewa sasa.

Ninaandika vile ninavyoandikaka, lakini moyo hauko pale, Yaya.

Siku ya Mungu iliyopita Maman Eulalie alirudi. Alikuwa amebeba kitunga kichwani. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua kitambaa, akatoa bugali yake, lengalenga yake, chumvi yake, hata maji yake ndani ya chupa.

"Nimekuya na yangu," akasema. "Sababu nyumba ya mutoto wangu iko musée. Unaangaliaka masufuria, haugusake."

Hakucheka. Alikula mbele yetu, polepole, akashukuru Mungu na kwenda. Zagabe akaanza kukuna rangi kwenye mukono wake. Halafu akaniambia: "Chérie, umupikie tu. Yaya yako alikuja Bukavu, hiyo si inatosha? Nani atajua?" Nikamujibu: "Mimi nitajua." Hii ni mara ya kwanza tulilala bila kuongea vizuri. Asubuhi alinichorea jua kwenye mufuniko wa sufuria ili kuomba musamaha, na nilimusamehe mbele ya rangi kukauka, lakini mufuniko wenyewe sikuutumia. Utafunika chakula cha nani?

Yaya, kama ninakukosea, niambie. Kama hautaki kula kwangu, niambie pia.

Virginie

*

Shabunda, 6 Oktoba 2024

Mudogo wangu,

Ninakusalimu, na ninamusalimia Zagabe. Sina habari za familia, sababu wewe njo unaniandikiaka zote.

Nilianza kukujibu mara nyingi. Sasa nitaandika bila kufuta.

Nilikuja Bukavu na njaa. Siyo ya tumbo. Siku ya kwanza nilikuambia: "Nimechoka, twende tukae mahali pa kimya." Nilikuwa ninasema nyumbani kwako. Wewe ukanipeleka café, na ukamuomba yule binti apunguze muziki. Siku ya pili nilikuambia ningekula hata maharagi tu. Ukamuuliza Zagabe ni resto gani iko na maharagi mazuri. Siku ya tatu nilisema sijaona hata rangi ya mulango wenu. Zagabe akanitolea picha kwenye simu.

Mugeni njo anapelekwaka kwenye resto, Virginie. Ndugu anaambiwa: toa viatu, shika kisu, chambua sombe. Pale ziwani, chini ya jina langu lililotundikwa kati ya miti, nilifikiri: anaona haya kuniingiza kwake. Anaogopa watu wa bwana yake waulize kwa nini mukubwa hajaolewa. Ananifanyia sikukuu ili nisifike mulangoni. Na asubuhi ile rubani alipotuita, kulikuwa na nafasi kwenye ndege ya kesho yake. Niliikataa. Hilo sikukuambia kwenye simu.

Sasa barua yako ya Septemba iko hapa mbele yangu na kile kitunga cha mama mukwe wako. Nimeelewa kwamba ulikuwa unaniwekea nyumba mwisho sababu njo kitu ulipenda kuliko vyote. Ungesema "njoo." Ningesema "nipeleke." Sisi wawili ni watoto wa maman: tunaweza kufa na njaa mbele ya meza kuliko kuomba.

Na usinihurumie juu ya ndoa. Hapa wawili walikwisha kuuliza, mumoja ana duka, mwingine ana mbuzi nyingi na maneno mengi kushinda mbuzi. Mimi sikuachwa njiani. Sijatoka bado.

Sitapata ruhusa mbele ya mwaka mupya, na Maman Eulalie asingoje mpaka pale. Kwa hiyo sikia mukubwa wako. Koko alisema moto uwe wako. Hakusema kinywa changu kiwe wapi. Ndege ya Siku ya Pili, Jumanne tarehe 22, inatoka Kavumu saa tano. Pika asubuhi. Chakula umupe Gentil mukononi, siyo ndani ya mufuko wa sambaza.

Micheline

*

Bukavu, Siku ya Pili, 22 Oktoba 2024, asubuhi

Yaya wangu, Yaya wangu,

Salamu leo ziko ndani ya sufuria!

Nilisoma barua yako nikisimama, halafu nikaisoma nikikaa, halafu nikamusomea Zagabe, akatoka inje kidogo na kurudi na macho mekundu akisema ni rangi. Juu ya ile ndege ya kesho yake, jibu langu ni sufuria hii. Juu ya picha kwenye simu, Zagabe anataka ardhi imumeze.

Nilitaka kukupikia samaki kama wa resto ya ziwani, na ule muchuzi wa kijiko. Nilinunua hata limao. Zagabe akaniuliza: "Utamupikia Yaya chakula cha nani?" Nikaacha limao. Hapa kuna sombe, nilichambua mwenyewe, na sambaza za kukaanga, na bugali ndani ya majani ya ndizi ili isikauke. Makala yalikuwa na maji, moto ulinisumbua, na labda sombe imeshika moshi kidogo. Nimefunika na mufuniko wa jua.

Maman Eulalie yuko hapa. Alifika mapema na amekaa karibu na mbabula, mikono juu ya magoti. Nilimuambia chakula hiki kinaenda Shabunda. Akasema: "Basi kiende mbio."

Moto ya pikipiki imefika, Zagabe amekwisha kupanda na anashika kikapu kama mutoto muchanga. Anakipeleka Kavumu yeye mwenyewe.

Karibu, Yaya. Toa viatu.

Virginie

*

Shabunda, Siku ya Pili, 22 Oktoba 2024

Mudogo wangu,

Ninakuandikia kwenye kiwanja, juu ya karto la chanjo, sababu ndege inarudi sasa hivi na Gentil ananihimiza.

Alishuka wa kwanza, kikapu mikononi, akitembea kama anayebeba ekaristi. Lakini hapa kuna muzee mumoja, Papa Élie, anayepimaka mizigo. Alisikia harufu akaacha mizani.

"Maman infirmière, hii ni nini?"

"Ni ndoa ya mudogo wangu, papa."

"Ndoa inanukaka sombe?"

"Hii inanuka."

"Ngoja nionje kidogo, nijue kama iko na uzito."

Akanyoosha kidole, Virginie! Mbele yangu! Nikavuta kikapu na kumuambia: "Hapana, papa. Mimi wa kwanza." Sikungoja kufika nyumbani. Nilitoa viatu pale kwenye majani, nikakaa chini, nikanawa na maji ya chupa ya rubani, nikafungua.

Bugali ilikuwa ya baridi na imebeba alama ya majani. Sambaza zimevunjika vichwa. Sombe imeshika moshi, siyo kidogo, na chumvi uliitia na mukono wa mutu mwenye haraka. Nilikula mpaka nikaona chini ya sufuria. Rubani alikuwa anasimama na funguo zake, anaangalia pembeni. Nilikuwa ninalia kidogo, lakini nilikuwa ninakula.

Nilimubakishia Papa Élie kipande cha bugali na sambaza tatu. Kwa hiyo ujue: mugeni wako wa kwanza ni mupima mizigo wa Shabunda, na amesema bugali ni ngumu.

Gentil anachukua barua na mufuniko. Sufuria ninabaki nayo.

Mwambie Maman Eulalie asogeze kiti karibu. Umupikie leo magaribi, usingoje Siku ya Mungu. Mimi nimeshakula.

Mukubwa wako,
Micheline